Giaboksi ya Landrova Series inavuja: ujaze tu, uweke dawa, ubadili sili au uishushe yote?

Ukiwa na Landrova ya kizamani, naongelea zile Series, 88 au 109 (namba za urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa inchi), oili ikianza kudondoka katikati ya gari utapewa ushauri wa kila aina kabla hujafika gereji. Jirani atakwambia hizo gari ndo zilivyo, jaza tu utembee. Muuza spea atakwambia kuna dawa ya chupa. Fundi wa kwanza atasema ni sili, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke pembeni ya shafti, wa pili atasema bosi hapa giaboksi ishuke yote, na hakosekani mmoja wa kukwambia achana na hiyo takataka funga giaboksi ya Toyota. Kibaya ni kwamba wote wanaweza kuwa sahihi, inategemea oili inatokea wapi. Ndo maana watu wanatoa hela ya kushusha giaboksi wakati tatizo lilikuwa sili moja ya nje ambayo ungeitoa umelala chini ya gari, na wengine wanabadili hiyo sili ya nje mara kwa mara wakati shida iko ndani.

Kwa hiyo kabla hatujalinganisha bei na usumbufu, tuanze na kitu ambacho watu wengi wanakiruka.

Ni oili gani hiyo, na inatokea wapi

Chini ya Landrova katikati pale kunaweza kudondoka vitu vitatu tofauti. Oili ya giaboksi ni EP90, nzito, inanata, chovya kidole usugue kati ya gumba na cha shahada utaona inavutika, halafu ina harufu kali ya salfa ambayo ukishaijua hutaisahau. Oili ya injini ni nyepesi kuliko hiyo, na kama gari ni dizeli itakuwa nyeusi tii. Cha tatu ni mafuta ya klachi, yale yale ya breki, mepesi sana yanateleza na yanabandua rangi. Ukikuta haya ya tatu wala usiguse giaboksi, nenda kaangalie silinda ya klachi.

Sasa, ukilala chini saa hizi utakuta kila kitu kimelowa na kimeganda vumbi, huwezi kujua lolote. Safisha. Dizeli na brashi, kwangua ule uchafu wote kwenye giaboksi, transfa (boksi la pili nyuma yake linalogawa nguvu mbele na nyuma), kwenye dramu la handibreki na kwenye chesisi, kausha na kitambaa, halafu pulizia poda ya mtoto kwenye viungo vyote. Tembea kilomita chache, egesha sehemu iliyo sawa, tandika boksi la karatasi chini usiku mzima. Asubuhi poda itakuonyesha mstari wa oili ulikoanzia. Na usiangalie panapodondokea, oili inapeperushwa nyuma na upepo gari likitembea, kwa hiyo wewe tafuta sehemu iliyolowa ambayo iko juu zaidi na mbele zaidi kuliko zingine zote. Hapo ndo chanzo.

Kwenye Series sehemu za kawaida ni hizi. Kuna tundu dogo chini ya nyumba ya klachi, lile ambalo lina plagi yake ya kufunga ukitaka kuvuka maji, siku za kawaida linatakiwa liwe wazi. Oili ikitokea hapo ni ama sili ya nyuma ya injini ama ya mbele ya giaboksi, na hapo ndo pua yako inafanya kazi, salfa au hakuna salfa. Sehemu ya pili ni dramu la handibreki nyuma ya transfa. Ya tatu ni flenji ya propela ya mbele, yaani kile kisahani cha chuma ambacho propela inafungwa. Kuna gasketi ya kile kifuniko cha chini cha transfa, kuna kifuniko cha nyuma mahali wengine wanafunga ovadraivu, kuna kiungo cha kebo ya spidi, na kuna mpira mdogo wa duara kwenye ile shafti ya kati ya transfa ambayo imeshikwa na kibati na bolti moja, huo nao ukichoka unatoa oili taratibu taratibu mpaka unachanganyikiwa.

Halafu kuna uvujaji ambao hauonekani kabisa chini. Giaboksi na transfa kwenye Series zimeungana lakini kila moja ina oili yake, giaboksi inachukua kama lita 1.5 na transfa kama lita 2.5. Katikati yake kuna sili. Hiyo ikifa, oili inahama kutoka giaboksi inaenda transfa. Utafungua plagi ya kupimia transfa oili inamwagika yenyewe kwa kuzidi, ukija kwenye giaboksi unaingiza kidole hugusi kitu. Na ile transfa iliyozidi itaanza kutema oili kwenye dramu la handibreki, we unabadili sili ya dramu, wiki mbili baadae inavuja tena, unaenda kumgombeza muuza spea kwamba kakuuzia feki, kumbe sili nzima haina kosa. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote fungua plagi ZOTE MBILI za kupimia. Dakika kumi tu hizo.

Kujaza tu vs dawa ya chupa

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu wote wanaozichagua wanataka kitu kimoja, wasifungue chochote.

Kujaza tu siyo ujinga kama mafundi wanavyosema. Kuna tofauti ya giaboksi inayotoa jasho na giaboksi inayodondosha. Ya jasho, yaani unakuta kiungo kina unyevu umeshika vumbi lakini boksi la chini lina tone moja au halina, gari lenyewe linatoka jumapili tu kwenda shamba, mimi naiacha. Unapima kila mwisho wa mwezi unaongeza kidogo unaendelea na maisha. Ila kumbuka lita 1.5 siyo nyingi. Ukipoteza nusu lita tayari theluthi imeondoka, na ndani humo hakuna pampu, gia za chini zinachota oili na kuirusha juu, kiwango kikishuka wanaokosa wa kwanza ni walioko juu. Dalili ni kelele, na ukishaisikia kelele ya beringi ujue kujaza hakutairudisha.

Tena kujaza tu hakufai hata kidogo kama oili inatokea kwenye dramu. Handibreki ya Series haiko kwenye magurudumu, iko pale nyuma ya transfa, inashika propela. Oili ikiingia humo brekshuu zinalowa na huna tena handibreki, utaegesha kwenye mteremko wa Lushoto au Kisii halafu utaona. Hapo hatuongelei tena uchafu wa sakafu.

Dawa ya chupa inafanya kazi kwa kuvimbisha na kulainisha mpira. Basi, hakuna uchawi mwingine. Kwa hiyo gari lililokaa miaka chini ya mwembe mdomo wa sili ukakauka, dawa inaweza kukusaidia kwa muda, na nimeona ikisaidia. Lakini gasketi ya karatasi haivimbi. Flenji iliyochimbwa mfereji na mdomo wa sili haijazi mfereji wake. Sili iliyokatika haijiungi. Ukiwa na bahati inakupa miezi, ukikosa bahati umelipia chupa ya kuongezea oili kwa bei ghali. Kati ya dawa na kujaza oili halisi, kwangu kujaza kunashinda, angalau najua nilichoweka ndani.

Wengine wanapandisha uzito wa oili, wanatoka 90 wanaenda 140. Inapunguza kudondoka kweli, ila asubuhi za baridi, Njombe kule au Limuru, gia inakuwa ngumu kama imegandishwa na sinkro, vile vipete vinavyolainisha gia kuingia, zinachelewa. Kwenye transfa peke yake sijaona shida kubwa kwa sababu pale hubadili gia kila saa, kwenye giaboksi kuu hapana. Na wale wa kuchanganya grisi jamani acheni. Gia ikipita kwenye grisi inachimba njia yake, grisi inabaki pembeni hairudi, na meno yanasagana makavu huku we unafurahia kwamba haivuji.

Kazi ya bure: tundu la kupumulia, nati na kiwango

Hapa sikai sana. Giaboksi ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, kama tundu la kupumulia limezibwa na tope presha inasukuma oili kupita kwenye sili hata kama ni mpya. Zibua kwanza. Kaza bolti za vifuniko, kwa adabu, ile ni aluminiamu, uzi ukilika umejiongezea kazi. Na usijaze kupita plagi ya kupimia, gari likiwa sehemu iliyo sawa oili iishie kwenye mdomo wa tundu basi. Kuna watu wanajaza gari likiwa limeinuliwa jeki upande mmoja halafu wanashangaa inavuja wakiishusha.

Silikoni vs gasketi ya karatasi

Mafundi wetu wanapenda silikoni. Ukipeleka gari linavuja kwenye kifuniko atatoa tyubu anapaka kwa nje anakwambia bosi hiyo imekwisha. Silikoni kwa nje juu ya chuma chenye oili haishiki, itabanduka yote kwa kipande kimoja ndani ya wiki. Hiyo usilipie.

Silikoni kwa ndani, yaani kifuniko kimefunguliwa, nyuso zote mbili zimekwanguliwa zikasafishwa na petroli zikakauka, hapo ni sawa na kwenye kifuniko kilichopinda kidogo inaishinda karatasi. Sharti iwe nyembamba. Ukiweka nene ile inayominywa kuingia ndani itakatika vipande vipande izunguke na oili. Karatasi ni nzuri pale nyuso ziko sawa, na unaweza kuikata mwenyewe, weka karatasi ya gasketi juu ya kifuniko gonga taratibu na nyundo ndogo kwenye kingo alama inajichora. Mimi kifuniko cha chini cha transfa naweka karatasi na kaupako kembamba ka Hylomar, gundi ya gasketi isiyokauka, pande zote, kikija kufunguliwa tena kinatoka bila kupigana.

Ila kuna sehemu moja usibadilishe kitu kwa kubahatisha. Nyuma ya transfa, pale nyumba ya gia ya spidi inapokutana na transfa yenyewe, kuna shimu nyembamba za chuma. Siyo gasketi hizo. Ndo zinapanga mkazo wa beringi za shafti ya kutokea. Fundi asiyejua anazitupa anaweka silikoni nene au karatasi mbili, shafti inacheza, na shafti inayocheza inakula sili mpya. Zikitoka zihesabu, zisafishe, zirudishe zilezile.

Kubadili sili za nje bila kushusha

Hii ndo napendekeza kwa watu wengi na ndo nataka kukaa nayo.

Mfano sili ya nyuma, ile ya dramu. Kwanza kabisa weka vigingi kwenye magurudumu, mbele na nyuma, mawe makubwa kama huna vigingi. Nimesema handibreki inashika propela, sasa ukifungua propela ya nyuma gari halina handibreki na gia nayo haishiki chochote nyuma, litatembea na wewe uko chini. Usidharau hii.

Unatoa propela, nati nne. Unatoa dramu, skrubu mbili ambazo mara nyingi zimeshika kutu, zipige kwanza kwa skrubudraiva ya kugongea usijaribu ya kawaida utazila kichwa. Hapo utaona flenji na nati kubwa katikati yenye pini ya kukunja, au kama imeshabadilishwa utakuta nati ya kujikaza. Nati inataka spana ya bomba refu na mtu wa kushikilia flenji. Flenji ikitoka ipeleke kwenye mwanga, pangusa sehemu inayopita kwenye sili, halafu pitisha kucha. Kucha ikikwama kuna mfereji. Hicho kitendo cha sekunde tatu ndo kinaamua kama sili mpya itakaa miaka au wiki.

Kama hakuna mfereji raha. Kama upo una njia nne na hazilingani. Kununua flenji mpya ni safi lakini ghali na siyo kila duka litakuwa nayo. Flenji ya mtumba ni rahisi ila uwe na kucha yako mkononi unapochagua, nyingi zina mfereji uleule. Fundi wa leith, mashine ya kukerezea chuma, anaweza kuijaza na kuichonga upya, au kukuvisha bushi nyembamba ya chuma juu yake, hii naipenda akiwa fundi mzuri, uso ukitoka na mikwaruzo ya kisu cha leith itakula mdomo wa sili kuliko mfereji wa zamani, kwa hiyo mwambie aing'arishe na msasa laini wa maji. Ya nne haina gharama, unaingiza sili isizame mpaka mwisho au unaizamisha milimita moja mbili zaidi ya ilivyokuwa, mdomo unakanyaga sehemu mpya ya flenji. Kwa mfereji mwembamba mimi naanza na hii ya nne. Ukikuta mfereji ambao unauona kwa macho bila kupitisha kucha, usijidanganye, leith.

Sili inaingia mdomo wenye springi ukiangalia ndani kwenye oili. Paka oili mdomoni, igonge kwa kipande cha bomba chenye upana karibu na wake ili iingie sawasawa, usigonge upande mmoja na patasi kama nilivyoona watu wakifanya, inapinda na hutaona mpaka umefunga kila kitu. Na oili ina ujanja mwingine, inaweza kupita kwenye meno ya shafti katikati ya flenji ikatokea chini ya ile nati, utalaumu sili bure. Paka silikoni kidogo kwenye meno mwishoni na chini ya washa kabla hujakaza nati.

Brekshuu zilizolowa usioshe na petroli ukadhani zimepona. Zitakauka, zitashika vizuri siku ya kwanza, zikipata moto oili iliyojificha ndani inatoka tena. Badili au peleka zikabandikwe laini (zile bitana za kusuguana) mpya.

Sili ya mbele ya transfa ni kazi ileile, tofauti huna dramu la kutoa. Ule mpira wa shafti ya kati ni wa bei ndogo sana ila shafti ikivutwa ovyo gia na washa zake zinaanguka ndani, kwa hiyo mpe mtu aliyewahi kuifanya, au fungua kifuniko cha chini uone unachoshika.

Upande wa ubora, sili ya orijino na ile ya mfuko wa nailoni usio na jina zinaweza kufanana kabisa. Angalia springi kwa ndani kama ipo kweli na imekaa vizuri, bonyeza mdomo uone unarudi, nusa, mpira mbaya unanuka kandambili. Vipimo vya Series nyingi ni vya inchi, muuzaji atakwambia chukua hii ya milimita inakaribiana. Kwenye sili hakuna kukaribiana. Toa ya zamani uende nayo mkononi, na usiende maduka ya Landrova tu, maduka ya beringi na sili Kariakoo na Gerezani, na Nairobi kule Kirinyaga Road ambako wazee bado wanaita Grogan, wanapima kwa vernia wanakupa inayolingana kwa bei tofauti kabisa.

Kushusha giaboksi yote

Kwenye Series kusema "kushusha" siyo sahihi sana maana njia ya kawaida inatokea juu. Unatoa viti, unatoa boksi zima la viti, sakafu, kile kifuniko cha katikati, halafu giaboksi na transfa yake vinanyanyuliwa na cheni bloku kutokea mlangoni. Kazi yenyewe siyo ya akili nyingi. Muda unaliwa na bolti za sakafu zilizoota kutu kwenye aluminiamu, kila moja inakatika. Ukipatana bei na fundi muulize kabisa kama bolti za sakafu zimo kwenye bei, hapo ndo ugomvi unapoanziaga.

Lini inafaa? Oili yenye harufu ya salfa ikitokea kwenye tundu la nyumba ya klachi, hasa klachi ikianza kuteleza, huna ujanja, hakuna sili ya nje itakayokusaidia. Gia ikiruka yenyewe kutoka, au kelele inabadilika ukibadili gia, na inavuja, basi fungua mara moja ufanye vyote. Ile ya oili kuhamia transfa iko katikati. Ni kazi ya kuingia ndani, siyo ya kulala chini na spana mbili, lakini kama gari linatembea kidogo kuna watu wanaishi nayo, wanapima zote mbili kila wiki, wanapunguza transfa wanaongeza giaboksi. Usumbufu, lakini gari linatembea. Kama gari ni la safari ndefu, kupanda Ngorongoro na wageni, usiishi nayo.

Na ukishaitoa usibadili sili moja ukairudisha. Klachi, beringi ya klachi, sili ya nyuma ya injini, gasketi zote, vyote vinaingia wakati huohuo, kwa sababu spea zote hizo pamoja bado zinaweza kuwa rahisi kuliko kulipa ufundi wa kung'oa sakafu mara ya pili. Hapa ndo nakubaliana na yule fundi wa "ishuke yote", ila awe amekuonyesha oili inatokea wapi. Asipoweza kukuonyesha kwa kidole, bado hajui.

Kutengeneza yako vs kununua ya mtumba

Giaboksi ya mtumba inavutia, unafunga unaondoka. Shida ni kwamba nayo ina umri uleule wa yako. Series II ilitoka 1958, IIA 1961, III ikaanza 1971 mpaka 1985, kwa hiyo hata iliyo mpya kabisa ni mzee. Sili zake zimekauka pia, tena pengine zaidi kwa kukaa stoo. Ukiinunua halafu ukaifunga bila kubadili sili umehamisha uvujaji tu.

Ukienda kuikagua mwaga oili kidogo kwenye kiganja uiangalie kwenye jua. Vumbi la dhahabu ni sinkro zinalika, kidogo ni kawaida. Vipande vya chuma vyenye kung'aa ni meno, ondoka. Ukikuta nyuzinyuzi kama unga wa mbao ndani mtu ameziba kelele, ondoka haraka zaidi. Tikisa shafti ya mbele na flenji. Halafu uliza ni ya gari gani maana ya IIA kwa kawaida ina sinkro ya tatu na ya nne tu wakati ya III ina zote nne, na mfumo wa kusukuma klachi wa IIA na wa III haufanani, usidhani zinaingiliana bila kazi.

Kufunga ya Toyota kwa sababu ya uvujaji peke yake sikubaliani nako. Utatengeneza adapta, utahamisha mikono ya gia, utakata propela, na kiungo cha adapta nacho kinaweza kuvuja. Kama tayari gari lina injini ya Isuzu au Toyota, na zipo nyingi hivyo, hesabu inabadilika, ila hapo kwanza angalia kama inayovuja siyo hiyo adapta aliyoitengeneza mtu zamani.

Kama siyo Series

Mwenye Landrova One Ten, iliyokuja baada ya Series, ya 1983 kuendelea yenye injini ya silinda nne, giaboksi yako ni LT77, hiyo inatumia ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, ile nyekundu. Ukiona tone jekundu usijaze EP90, gia zitakuwa ngumu na sinkro zitakuchukia. Mantiki ya kutafuta chanzo ni ileile.

Mwenye Peugeot 504, giaboksi yake imeundwa kwa oili ya injini, kwa hiyo ile mbinu ya kunusa salfa haikusaidii, oili ya injini na ya giaboksi zinafanana, safisha na poda mpaka ujue. Ukinusa salfa kwenye 504 maana yake kuna mtu alishaijaza EP90 huko nyuma, au inatoka kwenye difu. Na kwa wote wenye sinkro za shaba, ukinunua oili ya giaboksi angalia kopo limeandikwa daraja la GL-4, siyo GL-5 peke yake, dawa zilizomo kwenye GL-5 ni nyingi na shaba haizipendi.

Volkswagen kobe wa zamani mara nyingi havujishi sili, ni ile mipira ya eksili pembeni imepasuka. Kuna mipira ya kubadilishia iliyokatwa inafungwa na skrubu bila kung'oa eksili. Ukiifunga mshono usiuweke chini.